Krisostomo, Agostino au Sesari: uanze na mahubiri ya nani?

Ukitaka kujua Wakristo wa karne ya 4 na ya 5 walikiri imani gani, utaelekezwa kwenye mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu: Nikea 325, Konstantinopoli 381, Efeso 431. Ukitaka kujua walivyokuwa wakipiga soga kanisani, wakisukumana, wakimshangilia mhubiri kwa makofi na kisha kuchomoka kabla ibada haijaisha, mitaguso haikusaidii kitu. Hapo unahitaji mahubiri, na mahubiri ni mengi mno. Yale ya Agostino kwa waumini wake yaliyosalia yanapita 500, ukiacha maelezo yake marefu ya Zaburi na ya Injili ya Yohane. Krisostomo ana homilia (mahubiri ya kufafanua Maandiko) 90 kwa Mathayo peke yake, 67 kwa Mwanzo na 55 kwa Matendo ya Mitume. Ukianza ukurasa wa kwanza na kusonga mbele tu, utachoka kabla hujakutana na mtu wa kawaida hata mmoja.

Nawaweka hapa watatu: Yohane Krisostomo wa Antiokia na Konstantinopoli, Agostino wa Hippo, na Sesari wa Arles, aliyefuata katika karne ya 6. Sishindanishi ufasaha. Kwa ufasaha Krisostomo angeshinda na mjadala ungeishia hapo. Hata jina lenyewe, Mdomo wa Dhahabu, alipewa na vizazi vya baadaye kwa sababu hiyo. Ninachopima ni jinsi kila mmoja anavyotuwezesha kuwasikia waliokuwa mbele yake: fundi, mchuuzi, mama wa nyumbani, mtumwa aliyemsindikiza bwana wake, mkulima aliyeingia mjini kwa sikukuu.

Nani alishika kalamu

Wengi hulipita jambo hili haraka. Mimi naliweka mbele kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Agostino alihubiri ameketi, kwa kawaida bila maandishi mkononi, huku makarani wa hati mkato wakinakili alichosema. Ndiyo maana vituko vya siku ile vimebaki ndani ya maandishi. Kuna siku alikuwa amejiandaa kwa zaburi fupi, msomaji akachanganyikiwa akasoma nyingine, ndefu. Agostino akaamua kufuata kosa la msomaji kuliko mpango wake mwenyewe, akahubiri papo hapo juu ya Zaburi ya 138 (ya 139 katika Biblia nyingi za leo). Siku nyingine anamaliza zaburi na kukiri kwamba hajui amesema kwa muda gani, ila harufu ya mle ndani inamwambia kuwa amevuka kiasi. Jasho la watu waliobanana katika joto la pwani ya Afrika Kaskazini! Mhariri mwenye adabu angeifuta sentensi hiyo.

Kwa Krisostomo mambo ni mchanganyiko. Sokrate wa Konstantinopoli, mwanahistoria wa karne ya 5, anaeleza kuwa baadhi ya homilia alizitoa mwenyewe na nyingine zilinakiliwa na makarani wakati anasema. Kwa hiyo utakuta zilizopigwa pasi na zilizo mbichi, na huwezi kuzitenganisha kwa kuangalia mara moja.

Sesari ni habari nyingine kabisa. Yeye alipanga makusanyo ya mahubiri ili wengine wayasome makanisani mwao, na nakala zake zilipelekwa Gallia (Ufaransa ya leo), Italia na Hispania. Mahubiri ya namna hiyo huondolewa tarehe, majina na matukio ya siku. Tena alichota sana kwa Agostino, mara nyingine aya nzima nzima. Kwa hiyo ukimkuta anawagombeza walevi, usikimbilie kusema hao ni walevi wa Arles. Huenda walizaliwa Hippo miaka 100 kabla. Hilo halimfanyi kuwa wa bure, ila unapaswa kulijua kabla hujamnukuu.

Krisostomo: jiji na kelele zake

Alizaliwa Antiokia, akasomea ufasaha, inavyosemekana kwa Libanio, mwalimu maarufu ambaye hakuwa Mkristo. Akapewa upadri mwaka 386 na kuhubiri mjini humo hadi alipochukuliwa kuwa askofu wa Konstantinopoli mwaka 398. Aliondolewa kwa mara ya mwisho mwaka 404 na kufia uhamishoni mwaka 407.

Ukitaka jiji, hakuna kama yeye. Mwaka 387 watu wa Antiokia walikasirishwa na kodi mpya, wakaangusha sanamu za Kaisari Theodosio na familia yake. Kosa hilo lingeweza kuuteketeza mji. Askofu Flaviano, mzee, akafunga safari kwenda Konstantinopoli kuomba msamaha, na padri Yohane akabaki na umati wenye hofu, Kwaresima nzima. Homilia alizotoa majuma hayo zipo. Ukizisoma kwa mfululizo unaona soko limekufa, watu wamekimbilia milimani na jangwani, kanisa limejaa waliokuwa hawaonekani. Naye, badala ya kuzungumzia siasa tu, anarudi tena na tena kwenye jambo moja: acheni kuapa ovyo. Mara ya kwanza inakushangaza, mara ya sita inachosha. Lakini kuchoka huko ni sehemu ya ushahidi: kiapo kilikuwa mdomoni mwa watu kila walipouziana kitu au kumgombeza mtumwa, na mhubiri aliona hofu ya wakati ule ndiyo nafasi ya kuwabana.

Humo humo, kuelekea mwisho wa msimu, wanaingia watu wa mashamba ya jirani wanaosema Kisiria, lugha ambayo mjini wengi hawakuifahamu. Krisostomo anawasifu mbele ya Wagiriki wa mjini: lugha yao ni nyingine, imani ni ile ile, na maisha yao ya jembe yanawashinda wanafalsafa. Je, wageni hao walielewa hotuba ya Kigiriki iliyokuwa ikiwasifu? Yeye hasemi.

Vituko vidogo viko vingi. Anahubiri juu ya Mwanzo, mtu anapita kuwasha taa, macho yote yanamwacha mhubiri na kumfuata mwasha taa. Anakatiza hoja yake kuwaamsha. Mahali pengine anawaonya wasije kanisani na mikoba ya fedha, kwa kuwa vibaka wanatumia nafasi ya umati uliozama katika kusikiliza. Akiwa Konstantinopoli anapendekeza iwekwe kanuni kwamba mtu asipige makofi mhubiri anaposema, na papo hapo anapigiwa makofi, naye analalamika kwamba hata kanuni dhidi ya makofi inashangiliwa. Mwaka 399 anawalaumu waliomwacha Ijumaa Kuu wakaenda kwenye mashindano ya farasi, na kesho yake kwenye maigizo.

Ila tazama anazungumza na nani hasa. Yule anayeambiwa “wewe” mara nyingi ana nyumba, watumwa, farasi na mke mwenye vito. Maskini wanatajwa zaidi kama watu walio mlangoni. Kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaosema kanisani walikuwa watu wenye uwezo hasa, na wengine wanaojibu kuwa mhubiri humkemea mwenye mali mbele ya wote na wote hufurahi kusikia. Mimi nipo upande wa hawa wa pili. Krisostomo mwenyewe, katika homilia ya 66 juu ya Mathayo, anaigawa Antiokia: sehemu moja ya kumi matajiri, sehemu moja ya kumi hohehahe, waliobaki wote katikati. Anaongeza kuwa kanisa, kwa pato lisilofikia la tajiri mmoja mkubwa, linalisha wajane na mabikira 3,000. Hesabu za mimbarini ni za kukadiria, lakini mtu haongei hivyo kwa ukumbi wa matajiri watupu. Na vibaka nao, kama ni kweli walikuwa wakija, walikuwa sehemu ya wasikilizaji.

Zipo homilia nane ambazo lazima nizitaje kwa tahadhari, zile zilizoanza mwaka 386 dhidi ya Wakristo waliokwenda kwenye sikukuu za Wayahudi. Lugha yake dhidi ya Wayahudi ni ya matusi, na baadaye ilitumiwa kuwadhuru. Ukizisoma kwa kumtazama msikilizaji, zinafichua kinyume cha alichotaka: Wakristo wa kawaida wa Antiokia waliiheshimu sinagogi, walikwenda kuapa humo kwa kuamini kiapo cha pale kina nguvu zaidi, na walifunga pamoja na majirani zao. Anayefoka hivyo ameona watu wake hawamsikii. Usianzie hapo, wala usimpe kijana azisome bila maelezo.

Ushauri wa kazi: katika mifululizo yake mirefu, nusu ya kwanza ya homilia hueleza aya, nusu ya pili hushuka kwenye maisha. Ukiwa na haraka, anzia nusu ya pili.

Agostino: waumini wanajibu

Hippo, leo Annaba nchini Algeria, ilikuwa mji wa bandari, mdogo ukilinganisha na Antiokia. Agostino alifika huko akapewa upadri mwaka 391, akawa askofu miaka minne au mitano baadaye, akafa tarehe 28 Agosti 430 Wavandali, wavamizi wa kabila la Kijerumani, wakiwa wameuzingira mji. Alipokuwa padri alihubiri kwa ruhusa ya askofu Valerio, jambo ambalo halikuwa desturi ya Afrika ya Kirumi: mimbari ilikuwa ya askofu.

Kwake askofu anakaa na watu wanasimama. Yeye mwenyewe analiona hilo kuwa si haki sana. Katika hotuba moja anasema hatawaweka muda mrefu kwa kuwa yeye anasema ameketi na wao wanataabika kwa kusimama. Mahali pengine anakiri kuwa ng’ambo ya bahari kuna makanisa yanayowapa watu viti, na anaona ni busara.

Kinachomtofautisha na Krisostomo ni kwamba watu wake wanasikika katikati ya sentensi. Anaanza kunukuu mstari, wanaumalizia. Anagusa jambo wanalolijua, wanapaza sauti, naye anawaambia ameona wameelewa. Wakinyamaza, anarudia hoja kwa njia nyingine. Mkristo wa kwetu aliyezoea “Amina!” na “Haleluya!” za katikati ya mahubiri atajisikia nyumbani haraka.

Lugha yake ni rahisi makusudi. Kuhusu hilo alisema wazi, katika maelezo ya zaburi ile ile iliyotokana na kosa la msomaji: heri wanasarufi watulaumu kuliko watu wasielewe. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa ufasaha Milano kabla ya kubatizwa; hakuwa akijitetea kwa kushindwa. Na alijua kuna lugha nyingine chini ya Kilatini. Katika hotuba ya 167 anasema kuna methali ya Kipuni (lugha ya kale ya Carthage) inayojulikana sana, ila ataisema kwa Kilatini kwa sababu si wote waliopo wanajua Kipuni: tauni inaomba sarafu moja, ipe mbili ijiondokee. Hapo una picha ya kusanyiko kwa sentensi mbili. Wapo wanaocheka kabla hajamaliza kwa kuwa wameshaijua, na wapo wanaongoja tafsiri.

Usidhani walikuwa wapole. Mwaka 404 akiwa mgeni Carthage, baadhi ya watu walimpigia kelele ashuke katikati wamsikie vizuri, wengine wakasukumana, yeye akageuka akarudi kuketi na hotuba haikutolewa. Kesho yake akahubiri juu ya utii. Hotuba hiyo ilipotea karne nyingi, ikapatikana Mainz, Ujerumani, mwaka 1990 pamoja na nyingine, mtafiti Mfaransa François Dolbeau alipotambua hazina iliyokuwa katika hati ya zama za kati. Katika kundi hilo imo pia hotuba ndefu kupita kiasi ya tarehe 1 Januari, inayokadiriwa kuchukua zaidi ya saa mbili. Nia yake, kwa kadiri inavyoonekana, ilikuwa kuwashikilia watu kanisani ili wasiende kwenye sherehe za mwaka mpya za mjini. Mbinu hiyo wachungaji wa mkesha wanaijua.

Kisa ninachokipenda zaidi hakimo ndani ya hotuba, amekisimulia mwenyewe. Mwaka 418 alipita Kaisarea ya Mauretania, mji ambao kila mwaka wananchi waligawanyika pande mbili, ndugu kwa ndugu, baba kwa mwana, wakapigana kwa mawe siku kadhaa mfululizo hadi kuuana. Agostino alihubiri dhidi ya desturi hiyo. Watu wakashangilia, na yeye akajua bado hajafika popote. Walipoanza kulia ndipo akaamini amefaulu. Miaka karibu minane baadaye, anaandika, mapigano hayajarudi. Ni kipimo kigumu kuliko makofi, na Krisostomo aliyelalamikia makofi angekubaliana nacho.

Udhaifu wake? Anapozama katika tarakimu, kama maana ya samaki 153 wa Yohane 21, msomaji wa leo anapotea kabisa. Pia mafundi na watumwa wake hawana sura kama wale wa Krisostomo. Wanasikika kwa pamoja, kama umati. Akielezea mambo ya pesa, hata hivyo, yupo karibu mno. Kwenye hotuba ya 356 anawaambia waumini wasimletee joho la thamani. Labda linamfaa askofu, anasema, lakini halimfai Agostino, mtoto wa watu wa kawaida; akiletewa, ataliuza.

Sesari: kijijini, kwa ufupi

Sesari alikuwa askofu wa Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo, toka 502 hadi 542. Dola ya Kirumi upande wa magharibi ilikuwa imeshaanguka, na watawala wa mji walibadilika mara kadhaa katika maisha yake. Mahubiri yake karibu 240 ni mafupi, Kilatini chake ni chepesi. Huwaomba wasomi wavumilie maneno ya kishamba, kwa kuwa wajinga hawawezi kupanda hadi kwao, basi wao washuke.

Sifa yake kubwa ni mambo ya mashambani ambayo wenzake wawili hawayagusi hivyo: watu wanaopumzika Alhamisi kwa heshima ya mungu Yupita na kufanya kazi Jumapili, wanaopiga kelele mwezi unapopatwa ili kuusaidia, wanaovaa kama kulungu Januari, wanaoweka nadhiri kwenye miti na chemchemi. Anawauliza walalamikao kuwa hawana kumbukumbu: mbona wakulima, wanaume kwa wanawake, wanaimba nyimbo za mapenzi tangu mwanzo hadi mwisho, na hawawezi kukariri Kanuni ya Imani, Baba Yetu na zaburi chache? Na kwa asiyejua kusoma ana jibu la kibiashara: wafanyabiashara wasiojua herufi huwaajiri makarani wawaandikie hesabu, basi nawe tafuta wa kukusomea Maandiko.

Waumini wake nao walikuwa na mbinu. Walikuwa wakitoka mara tu baada ya Injili, kabla ya mahubiri, na mwandishi wa maisha yake anasimulia kuwa alifika hatua ya kuamuru milango ifungwe. Wenye miguu mibovu aliwaruhusu kukaa, kisha akakuta wasichana wenye afya njema wamejilaza chini kana kwamba wako vitandani. Mtaguso wa Vaison wa mwaka 529, aliouongoza yeye, uliwaruhusu mapadri wa parokia kuhubiri, na padri akiugua, shemasi asome homilia za mababa. Katekista anayeongoza ibada ya Jumapili bila padri, akiwa na kitabu cha mahubiri yaliyoandaliwa na wengine, anafanya kazi ile ile.

Wako wengine ningewataja kama nafasi ingekuwa kubwa. Petro Krisologo wa Ravenna na Papa Leo ni wafupi na wanasomeka vizuri, lakini watu wao wamejificha. Basili wa Kaisarea ya Kapadokia sitaki kumwacha: hotuba zake tisa juu ya uumbaji zinamalizika wikendi moja. Humo anasema lazima afupishe kwa sababu mbele yake kuna mafundi wanaopata mkate wa siku kwa kazi ya siku. Katika hotuba ya 8 anaendelea na viumbe wa nchi kavu, anaona watu wanakonyezana na kuashiriana, mpaka anatanabahi kuwa amewasahau ndege.

Uchague vipi

Kama unasoma historia ya jamii, bei, watumwa, wanawake, burudani, chukua Krisostomo: mfululizo wa sanamu kwanza, kisha homilia za Mathayo kuanzia nusu zao za pili. Kama unahubiri au unafundisha kuhubiri, Agostino, bila kusita. Hakuna mwingine anayekuonyesha hotuba ikigeuzwa njia na wasikilizaji. Anza na zile kumi juu ya waraka wa kwanza wa Yohane, kisha 355 na 356 za fedha. Kama kazi yako ni ya parokia za vijijini, au unatafiti mila za jadi zinavyokaa pamoja na ubatizo, Sesari atakufaa kuliko wote wawili, mradi ukumbuke onyo la aya za kuazima. Asiye na muda ampe Basili wikendi yake.

Na ukiniuliza wa kwanza kwa mtu asiye na sababu maalumu, nasema Agostino, ingawa najua wengi wangesema Krisostomo.

Upatikanaji unaweza kubadilisha uamuzi huu. Sehemu kubwa ya Krisostomo, na ya Agostino juu ya Zaburi na Yohane, ipo bure kwenye intaneti katika tafsiri za Kiingereza za karne ya 19, kwa lugha nzito kidogo. Hotuba zilizopatikana mwaka 1990 hazimo humo, kwa sababu iliyo wazi. Hizo na Sesari utawahitaji katika tafsiri za karne ya 20, na mahali pa kuzitafuta kwanza ni maktaba ya seminari au ya chuo cha teolojia kilicho karibu nawe.